Mama N'tilie: Historia ya Kula Nje katika Mitaa ya Dar es Salaam

Neno "hoteli" katika Kiswahili cha Dar es Salaam, kama katika kile cha Unguja na Mombasa, halikumaanisha kwanza mahali pa kulala. Hamali aliyesema anakwenda hotelini hakuwa na mkoba wa nguo wala haja ya kitanda. Alitaka chai ya maziwa, chapati mbili, na benchi la kukaa mpaka jua lipungue. Lugha ililipokea neno la Kizungu, ikalitoa chumbani na kulipeleka jikoni, na badiliko hilo halikutokea kwa bahati tu. Linaeleza ni akina nani waliokuwa wakila nje ya nyumba zao katika miji ya pwani, na kwa sababu gani. Kwa mgeni aliyeshuka melini, kula nje kulikuwa ni sehemu ya safari. Kwa mkaazi wa Kariakoo kulikuwa ni sehemu ya kazi.

Mji wenyewe ulifunguliwa kwa karamu. Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, na mwezi wa Septemba 1867 akawaandalia makonseli wa mataifa ya kigeni karamu kubwa huko. Makonseli wametajwa katika vitabu, waliopika hawakutajwa. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu ya kuuendeleza mji ule. Wajerumani walipofika mwaka 1887 walikuta bandari nzuri na majengo yaliyoachwa nusu, na mwaka 1891 wakauhamishia mji huo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Tangu hapo swali la wapi mtu ale lilikuwa ni swali la wapi mtu aruhusiwe kukaa. Wajerumani waliugawa mji kwa sheria za ujenzi, na Waingereza, walioutwaa Septemba 1916, waliupanga mgawo huo katika kanda tatu: upande wa bahari na mashariki nyumba za Kizungu, katikati maduka na maghorofa ya Wahindi, na magharibi nyumba za Waafrika. Baina ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya. Hoteli kubwa ya Wajerumani, Kaiserhof, iligeuzwa jina na kuwa New Africa. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni, na akifika ukumbini basi ni kwa kubeba sinia. Jina la Kariakoo nalo lina historia yake ya njaa na mizigo. Limetokana na Kiingereza "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliopiga kambi mahali pale. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu katika kampeni ile, wengi wao kwa maradhi na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Mtaa uliobeba jina lao ndio uliokuja kuwa soko kubwa la chakula la nchi nzima.

Mipaka ya kanda ilizuia watu zaidi kuliko ilivyozuia vyakula. Kutoka Uhindini zilitoka bajia, kachori, sambusa na chapati, zikavuka Mnazi Mmoja bila ya kuomba ruhusa ya mtu, na baada ya kizazi kimoja hakuna aliyeziona kuwa ni za wageni. Chai nayo, ambayo babu wa pwani hakuijua, ikawa ndiyo alama ya asubuhi ya mjini. Aliyewahi kuondoka mjini kwa muda mrefu akarudi hujua kwamba harufu ya iliki na mafuta ya kukaangia ndiyo inayomwambia amefika, kabla hajaona jengo lolote.

Hoteli za Kariakoo zilikuwa vyumba vya mbele vya nyumba za Kiswahili, na wenye kuziendesha walikuwa ni Waswahili wa mrima, Washihiri na Waarabu wengine wa maduka madogo. Ili kuelewa kwa nini zilijaa, ni lazima kuiangalia nyumba yenyewe. Nyumba ya kawaida ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Kupika kulikuwa uani, na uani palikuwa na wanawake wa nyumba. Mpangaji aliyetoka Uzaramo, Rufiji au Unyamwezi bila ya mke alikuwa na chumba lakini hakuwa na meko. Bandarini alilipwa kwa siku, na siku isiyokuwa na meli haikuwa na malipo. Mtu wa namna hii hawezi kununua kibaba cha mchele cha wiki nzima na kukiweka. Hununua mlo wa leo kwa fedha ya leo. Mwenye hoteli akawa ndiye jiko lake, na mara nyingi benki yake pia, kwani deni la chai liliandikwa ukutani kwa chaki au katika daftari, likasubiri meli.

Vita Kuu ya Pili ilionyesha jinsi sahani inavyoweza kuwa chombo cha utawala. Vyakula viligawiwa kwa mafungu, na mafungu hayo yalifuata asili ya mtu: Mzungu fungu lake, Mhindi na Mwarabu lao, Mwafrika lake. Msingi wa hesabu ulikuwa ni dhana kwamba mchele ni chakula cha baadhi ya watu na unga wa mahindi ni chakula cha wengine. Watu wa pwani, ambao wali ulikuwa ndio heshima ya mgeni na ya sikukuu, walijikuta wakiambiwa na karani kuwa wao si walaji wa wali. Haikushangaza kwamba wengi waligundua ghafla nasaba za Kiarabu. Vita vilipokwisha, ugumu wa maisha haukwisha. Mgomo wa makuli wa mwaka 1947, ulioanza bandarini Dar es Salaam na kuenea sehemu nyingine za nchi, ulitokana na mishahara isiyolingana na bei za vitu, na chakula kikiwa cha kwanza katika vitu hivyo.

Baada ya Uhuru mji ulifura. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Viwanda vilijengwa, kikiwemo kile cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Soko jipya la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli kwa paa lake la vikombe vya zege vinavyopokea mvua, lilifunguliwa mwaka 1975. Hata hivyo, katika mipango yote ya miaka ile, iliyojaa hesabu za nyumba, barabara na mabasi, ni shida kupata mtu aliyekaa akajiuliza mfanyakazi wa Magomeni anayefika kiwandani alfajiri atakula nini saa saba. Baadhi ya viwanda vilikuwa na kantini. Penginepo jibu lilikaa nje ya geti, juu ya mafiga matatu.

Waliokaa hapo walikuwa wanawake, na hapa ndipo historia hii inapobadilika. Ukame wa 1973 hadi 1975, kupanda kwa bei ya mafuta, kisha vita vya Uganda vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila ya fedha za kigeni. Unga wa sembe ulikuwa wa foleni. Mahindi ya njano yaliyotoka nje yalisagwa na kuitwa unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu ile ya Kariakoo, na mashabiki wa Simba walilazimika kuula kama wengine. Mshahara wa mtu wa tarishi, wa karani, hata wa mwalimu, ulipungua thamani mwaka baada ya mwaka mpaka haukufika katikati ya mwezi. Mke ambaye kabla yake alikuwa akipika kwa ajili ya watu saba alianza kupika kwa ajili ya thelathini, na wale ishirini na watatu wakawalipia wale saba chakula chao. Hivyo ndivyo familia nyingi za Dar es Salaam zilivyoivuka miaka ya 1980. Wachumi walikuja kuiita sekta isiyo rasmi. Watoto waliosomeshwa kwa fedha hiyo wanaijua kwa harufu ya moshi.

Jina walilopewa wanawake hao linastahili kutazamwa kwa utulivu. "Mama n'tilie" ni sentensi kamili. Ni kitenzi tia, kikatiwa kiambishi cha kutendea, kikatanguliwa na mtendewa: mama, nitilie mimi. Ni sauti ya mlaji aliyenyoosha sahani. Majina mengi ya kazi hutolewa na mwenye kazi au na mwenye kuajiri. Hili limetolewa na mwenye njaa, naye akalianza kwa "mama". Baadaye ofisi zililiona ni jina la mitaani mno, zikaleta "mama lishe", na wanaume walipoingia katika biashara hiyo wakaitwa "baba lishe". Wapo wanawake wenyewe wanaolipendelea jina hilo la pili, kwa kuwa la kwanza waliwahi kulisikia likitamkwa kwa dharau, na hiyo ni haki yao. Lakini kwa sikio la lugha, "lishe" ni neno la kliniki, lenye mizani ya watoto na picha ya mboga ukutani, na katika "n'tilie" kuna watu wawili.

Serikali iliyokuwa ikiwahimiza watu wajitegemee haikuwatambua hawa kuwa wanajitegemea. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na mwishoni mwa mwaka huo misako ilifanyika Dar es Salaam. Waliokamatwa bila ya kitambulisho cha kazi walipakiwa magarini na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Mpishi wa barabarani alikuwa katika hali ya ajabu: anaamka saa kumi za alfajiri na kulala saa nne za usiku, na mbele ya sheria ni mzururaji. Askari waliokuwa na amri ya kumwondoa walikuwa, saa saba mchana, miongoni mwa wateja wake. Baadaye ikaja leseni ya nguvukazi kwa biashara ndogondogo, na sheria iliyokusudiwa kuwatoa barabarani ikawa ndiyo karatasi ya kuwaruhusu kubaki.

Enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985 na kupewa na wananchi lakabu ya Mzee Ruksa, ilifungua milango. Mchele, mafuta ya kupikia na ngano vilirudi madukani. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu hata viongozi na watumishi kuwa na miradi, na mke wa mkubwa akafungua baa pale ambapo mke wa tarishi alikuwa na sufuria. Katika miaka hiyo vijana wa kiume walisimamisha makabati ya vioo pembeni mwa barabara na kuuza chipsi. Chipsi zilizomiminiwa mayai na kuiva pamoja kama andazi bapa ndizo chipsi mayai, na wenyewe wakaziita "zege", kwa jinsi zinavyokaa tumboni. Ni chakula cha mjini kabisa, hakina bibi wala kijiji, na kwa watoto wa Dar es Salaam ndicho chakula cha nyumbani. Tangu zamani kazi hizi zina jinsia zake: wali, ugali, maharage na samaki ni vya wanawake; mishkaki, chipsi, supu ya pweza na kahawa ya birika la shaba ni vya wanaume. Mwanamume huuza kile kinacholiwa kwa kusimama.

Ramani ya kula ya Dar es Salaam bado inaonyesha mistari ya zamani, kama ukuta uliopakwa chokaa mara nyingi. Mtaa wa Kisutu, wenye mahekalu ya Kihindu, una nyumba za kula zisizopika nyama hata kidogo, na jirani yake maduka ya tambuu. Maghorofa yanayouzunguka hutoa jioni moshi wa kuku na mishkaki mpaka kwenye vibaraza. Feri, ambako boti za Unguja na pantoni ya Kigamboni hukutana na samaki wa alfajiri, wanawake na vijana hukaanga kwa mafuta mengi kile ambacho mabwana wa mnada hawakukitaka, na mtu mwenye fedha kidogo hula samaki mbichi zaidi kuliko yule wa hoteli ya ufukweni. Vingunguti, penye machinjio, ni mahali pa supu na nyama ya kuchoma, na hakuna anayekwenda huko kwa ajili ya mandhari. Sinza, iliyopimwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wenye kipato cha chini, iliangukia mikononi mwa wenye kipato cha kati, ikawa mtaa wa baa na wa kitimoto. Ufukwe wa Coco, upande uleule wa Oyster Bay uliokuwa wa Wazungu, sasa Jumapili jioni ni wa kila mtu, na chakula chake ni muhogo wa kukaanga wenye pilipili na kachumbari. Muhogo huo, uliokuwa chakula cha mwaka wa njaa, leo huliwa kwa starehe mbele ya nyumba za mabalozi. Mzanzibari atakutana pia na urojo wake, ukiitwa kwa jina la kisiwa kizima, na aghalabu atasema kuwa si wenyewe.

Biashara ya mama ntilie ina hesabu yake. Mtaji wa leo ni mauzo ya jana, yakiwa yameshatolewa mchezo wa upatu, nauli na mkaa. Mchele huchukuliwa dukani kwa mali kauli, asubuhi, na kulipwa jioni. Faida haimo katika wali. Imo katika kuhakikisha hakuna sufuria inayorudi nyumbani na kitu. Kwa hiyo mpishi huwajua wateja wake kama mwalimu anavyolijua darasa: fundi ujenzi atahitaji ugali mkubwa na mchuzi mwingi, karani atauliza kama kuna mchicha, dereva wa bodaboda atakula mbiombio na kulipa kesho. Bei ya sahani haipandi kwa urahisi, maana mlaji hana cha kuongeza. Mchele ukipanda, kinachopungua ni kipande cha nyama. Yule anayetaka kujua hali ya uchumi wa nchi angeweza kukipima kipande hicho kila mwezi, na asingekosea sana.

Misako haikukoma. Mwaka 2006 iliamriwa kwamba wafanyabiashara ndogondogo waondolewe katikati ya miji, na vibanda vilivunjwa. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Kinondoni na kuenea, na uuzaji wa vyakula barabarani ukapigwa marufuku. Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa kwa haki. Kipindupindu huua, na mwenye kuosha sahani hamsini katika ndoo moja ya maji anaweza kukisambaza. Afisa wa afya anayelisema hilo si adui wa maskini. Lakini maji ya ndoo moja hayakuchaguliwa na mama ntilie. Mtaa usiokuwa na bomba hauwezi kuwa na hoteli safi, wala nyumba safi, na marufuku humwondoa mpishi ikaiacha ndoo mahali pake. Hoja ya afya ilikuwepo tangu Mnazi Mmoja ulipoachwa wazi. Katika muda huo wote imekuwa rahisi zaidi kuwahamisha watu kuliko kuwafikishia maji.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa ada ya shilingi 20,000, na kwa muda mwenye kitambulisho aliweka meza yake karibu popote, hata mbele ya duka la mlipa kodi, jambo lililozaa manung'uniko yake. Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua. Oktoba mwaka uleule wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam na kupangiwa maeneo mengine, mengine yakiwa mbali na mahali wanapopita wenye njaa. Biashara ya chakula ina shida moja ambayo biashara ya viatu haina: mteja wa viatu anaweza kuvifuata vilipo, lakini fundi mwenye mapumziko ya nusu saa hawezi kupanda daladala kwenda kutafuta wali. Kwa hiyo chakula kilianza kumfuata yeye. Waliokosa meza walianza kupika nyumbani, wakafunga ndani ya hotpoti, na kupita maofisini na kwenye majengo yanayojengwa, wakiitwa kwa simu. Kituo cha mabasi ya mikoani kilipohama Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, wenye ndoo na hotpoti walihama nacho.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, na akina mama lishe, kwa jina hilo la ofisini, wamekuwa miongoni mwa wa kwanza kugawiwa mitungi ya gesi katika mikutano ya hadhara. Wengi wameipokea kwa furaha, kwani moshi wa miaka ishirini haumwachi mtu na macho mazuri. Mtungi ukiisha, hata hivyo, hujazwa kwa fedha nyingi za mara moja, na mkaa hununuliwa kwa kopo. Basi gesi huchemshia chai na kukaangia mayai ya asubuhi, na maharage, yanayohitaji saa tatu za moto, hubaki kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba tangu kabla ya adhana ya alfajiri.